Aliyeigiza Mlango

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau kabla hata mvi hazijamtoka. Mtaani, sokoni, hospitalini, hata kwenye kadi za mwaliko wa harusi, aliandikwa Bi Mlango, naye aliitika bila kinyongo. Mgeni akiuliza sababu, wenyeji hucheka kwanza ndipo waeleze, na kila mmoja huongeza chumvi yake. Lakini mambo yenyewe yalikwenda hivi.

Siku hizo alikuwa mpiga pasi katika idara ya kufulia ya hospitali kubwa ya mji. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu kama ghala, kina mashine tatu za kufulia zenye milango ya duara, na juu ya vichwa vya watu yalipita mabomba ya mvuke yaliyofungwa matambara. Wanawake walikuwa kumi na mmoja. Ukitaka kusema na mwenzako ilibidi upige kelele, maana mashine zikianza kuzunguka hata wazo lako mwenyewe hulisikii. Asubuhi kulikuwa na harufu ya dawa na damu. Mchana, shuka zikishapigwa pasi, kulikuwa na harufu safi ya kitambaa cha moto ambayo Bi Mlango alikuja kuikumbuka maisha yake yote. Miaka mingi baadaye, akipita karibu na nyumba ambayo mtu anapiga pasi, alikuwa akisimama kidogo barabarani kama aliyeitwa.

Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mrefu, mabega mapana, na mkimya kupita kiasi. Wenzake walisema maneno yake ya wiki nzima yangeweza kufungwa kwenye ncha ya leso na nafasi ikabaki. Aliyemsemea alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye wote walimwita Kasuku. Kasuku alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Ndiye aliyemtafutia kazi pale, na walikaa nyumba moja pamoja na mume wa Kasuku, watoto wao na mama yao mzee, mama wa Kasuku na mama mkwe wa mwenzake, kwa kuwa mume wa Bi Mlango alikuwa dereva wa malori na kuonekana kwake nyumbani kulikuwa kwa nadra kama mwezi mwandamo.

Shuka za wodini hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika pembe huku, mwingine kule, wanavuta ikanyooka, wanakutana katikati, wanarudi. Wawili hawa walikunja pamoja miaka sita. Kasuku hakuweza kufanya kazi kimya. Alitunga mashairi kwa kufuata hatua, mizani nane kwenda, mizani nane kurudi. Ushairi alijifunza redioni tangu utotoni, akisikiliza kila Jumapili watu wakitumiana beti. Alitunga juu ya sabuni inayochubua vidole, juu ya daktari aliyesahau soksi mfukoni mwa koti, juu ya mama yake aliyeficha sukari mahali asipopakumbuka mwenyewe. Wenzake walicheka hadi machozi, na kazi ikaenda.

Kisha shuka zilianza kupotea. Bohari ilikuwa ikituma mia na kupokea tisini. Msimamizi wao, mwanamume mwenye mtungo wa funguo kiunoni aliyesikika akija kabla hajaonekana, ndiyo maana akaitwa Bwana Funguo, aliambiwa na wakubwa wake kwamba shuka nyingine ikipotea, ni kichwa chake. Akafanya alichoweza kufikiria. Chumba kilikuwa na milango miwili: wa mbele, uliotokea kwenye varanda ya wodi, na wa nyuma, wa chuma, uliotokea uani kwenye kamba za kuanikia. Akaufunga wa nyuma kwa kufuli. Tangu siku hiyo wanawake walipita mbele tu, na jioni walipapaswa mbavu mmoja mmoja kama wezi wa kuku. Ua uliokuwa hatua tatu kutoka mezani pao, sasa waliufikia kwa kulizunguka jengo zima na beseni kichwani. Shuka ziliendelea kupotea vilevile, kwa kuwa, kama kila mfagiaji alivyojua, hazikuwa zikitoka kwa kina mama wale. Zilitoka mbele, mchana kweupe, ndani ya buti za magari ambayo bawabu aliyapigia saluti.

Siku moja, saa nne asubuhi, bomba la mvuke lilipasuka.

Lilipasukia upande wa mlango wa mbele. Mvuke ulijaa chumba, mtu hakuona mkono wake. Wote walikimbilia nyuma, wakakuta chuma na kufuli. Walipiga kwa ngumi, walipiga kwa mabeseni. Bi Mlango alirudi nyuma akaujia ule mlango kwa bega lake lote, mara tatu, mara nne, haukutikisika. Mtunza bustani aliyewasikia alikimbia kumtafuta Bwana Funguo, akamkuta kantini anakunywa chai. Dakika kumi na moja zilipita kabla mlango haujafunguliwa. Aliyekuwa karibu na bomba alikuwa msichana waliyemwita Bibi Arusi, kwa sababu alikuwa ameolewa juzi tu. Aliungua kutoka begani hadi vidoleni, na ile mimba ya miezi mitatu aliyokuwa amemnong'oneza Kasuku peke yake, ikatoka.

Aliporudi kazini baada ya wiki saba, alipewa karatasi aeleze kwa maandishi kwa nini alikuwa amesimama karibu na bomba.

Waliandika barua. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili ikapotea, ya tatu ikajibiwa mstari mmoja: suala lenu linashughulikiwa. Bomba lilitengenezwa, kufuli likabaki pale pale.

Mwaka huo huo mganga mkuu, mzee mpole aliyeipenda hospitali lakini hakuwahi kukanyaga idara ya kufulia, alikuwa anastaafu. Likatoka tangazo kwamba kila idara iandae burudani ya dakika kumi kwa sherehe ya kumuaga. Wauguzi waliandaa kwaya. Idara ya kufulia ikaambiwa ilete wimbo wa shukrani.

"Shukrani ya nini?" aliuliza Bibi Arusi, mkono wake bado umefungwa bandeji.

Kasuku aliiweka chini shuka aliyokuwa anaikunja. "Barua zetu wanazifungia kabatini," alisema. "Basi tuwape kitu ambacho hakiingii kabatini. Tutaigiza."

"Nani ataigiza? Sisi?"

"Sisi. Kwani maaskari wa kwenye sinema walizaliwa na bunduki? Wewe Bibi Arusi utakuwa Bwana Funguo."

Bibi Arusi akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ile ajali, na wenzake waliposikia kicheko kile wakajua kwamba jambo limekwisha amuliwa.

"Na wewe, wifi," Kasuku alimgeukia yule mpiga pasi, "utakuwa mlango."

"Mlango unasema nini?"

"Hausemi kitu. Ndiyo maana nimekupa wewe."

Baadaye, uzeeni, Bi Mlango aliposema "zamani zetu", hakuwa na maana ya utoto wake wala siku ya harusi yake. Alikuwa na maana ya zile wiki tano za mazoezi. Walifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, uani, katikati ya shuka zilizoanikwa. Zilikuwa pazia lao, na ukuta wao, na mahali pa kujificha walipomsikia mtu akija. Walikula mkate kwa mkono mmoja huku wakishika maneno kwa mkono mwingine. Bibi Arusi alijifunga kiunoni vijiko kumi na viwili vya jikoni, akawa anatembea kwa kuchechemea kama msimamizi hasa, vijiko vinalia, hadi mzee wa bohari akasimama wima upande wa pili wa ukuta akidhani bwana mkubwa anapita. Upepo ukivuma, shuka zote zilijaa kama matumbo ya wajawazito, na wanawake wale waliochoka, wenye vidole vilivyochubuka, walionekana wadogo ghafla, kama wanafunzi waliotoroka darasani. Nyumbani, mama mkwe alilalamika kwamba watu wazima wanacheza kibaba-kimama, kisha usiku akawa anauliza, "Na yule mwizi, mmemvalisha nini?"

Siku ya sherehe ilifika. Ukumbi ulijaa saa nane mchana: madaktari, wake zao, wakubwa wa wizara, watu wa bohari. Idara ya elimu ya afya ilikuwa imemtuma mtu wake na kamera. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyezoea kuzunguka vijijini na gari la sinema akionyesha filamu za kunawa mikono na kuchemsha maji. Watu walimwita Bwana Sinema. Alikuwa ametumwa kupiga picha mganga mkuu akipokea zawadi.

Kwaya iliimba. Kisha wanawake kumi na mmoja walipanda jukwaani, na Bi Mlango akasimama katikati, amejifunga shuka ya kijivu kutoka shingoni hadi miguuni, kufuli la kadibodi kifuani. Watu walianza kucheka kwa kumwona tu. Alikuja mfagiaji akambishia, mlango ukanyamaza. Alikuja mwizi mwenye tai na tumbo la mto, amebeba furushi la shuka. Mlango wa nyuma haukumhusu, akapita mbele, bawabu akampigia saluti. Wake wa madaktari walicheka sana, waume zao kidogo. Kisha Bibi Arusi akapita na vijiko vyake, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Bwana Funguo, aliyekuwa ameketi mstari wa tatu. Naye alicheka, maskini, akidhani ni utani wa heri.

Hapo Kasuku akatokea ubavuni, akaupiga mlango kwa kiganja, akaanza:

*Mlango nakubishia,*
*Mvuke wanizidia,*
*Pumzi yanikimbia,*
*Ufunguo u kwa nani?*

*Shuka mwatuhesabia,*
*Mbavu mwatupapasia,*
*Wakubwa mwawaachia*
*Wapite nazo garini.*

Kicheko kilikatika. Bibi Arusi alivua vijiko, akavua bandeji taratibu, akauinua mkono wake ulioungua watu wauone. Igizo lilipaswa kuishia hapo. Wangeinama, wangeshuka.

Lakini mlango haukushuka. Bi Mlango mwenyewe hakuwahi kuweza kueleza ni nini kilichompata. Alisema tu kwamba alikumbuka bega lake lilivyouma siku ile, na mdomo ukafunguka.

"Mimi sina ufunguo," alisema, kwa sauti nene ambayo wenzake walikuwa hawajapata kuisikia. "Mnanibishia bure. Walinipiga siku ile, nami nilitaka kufunguka, sikuweza. Ufunguo uko kiunoni kwa yule pale." Na akanyoosha mkono wake mrefu hadi mstari wa tatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mganga mkuu aliinuka taratibu. "Huu mlango," aliuliza, "upo kweli?"

"Upo, mheshimiwa," Kasuku akajibu.

"Nionyesheni."

Basi msafara mzima ukatoka: mzee na suti yake ya kuagwa, wakubwa wa wizara, wake za madaktari na viatu vyao vya visigino, na Bwana Sinema nyuma yao, kamera begani, akiendelea kupiga picha bila kuulizwa. Waliingia chumba cha kufulia, wakasimama mbele ya mlango wa chuma. Bwana Funguo akatoa mtungo wake. Alijaribu ufunguo wa kwanza, haukuingia. Wa pili, haukuzunguka. Jasho lilimtiririka shingoni. Mganga mkuu alitoa saa yake mfukoni, akaitazama. Ufunguo wa tano, wa tisa, wa kumi na tatu. Mke mmoja wa daktari alianza kulia. Kufuli lilipofunguka hatimaye, dakika sita zilikuwa zimepita, na hapakuwa na mvuke wala kelele wala mtu anayeungua.

"Liondolewe," alisema mzee.

Liliondolewa. Mzee akastaafu, na wanawake wakapita kwa mlango wa nyuma mwezi mmoja wakinyoosha shingo kama mabibi harusi.

Kisha akaja mganga mkuu mwingine, na msimamizi wa utawala akamweleza kwamba idara ya kufulia iliitukana hospitali mbele ya wizara. Kufuli likarudi. Wanawake wakaitwa ofisini mmoja mmoja. Kila mmoja aliwekewa karatasi ya kusaini: kwamba igizo lile alilitunga Kasuku, na kwamba yeye, mwenye saini, alishurutishwa.

Bi Mlango aliomba siku moja ya kufikiri. Alirudi nyumbani, akamweleza mama mkwe jikoni, mlango wa jikoni umesindikwa. Mzee aliendelea kukatakata kitunguu kwa muda mrefu.

"Mwanangu atafukuzwa hata usiposaini," alisema mwishowe. "Na wewe ukifukuzwa pia, watoto watakula mashairi? Saini, mama. Mimi sitamwambia."

Akasaini. Aliandika kwa mkono wake: mimi nilisimama tu. Kasuku alifukuzwa Ijumaa, akarudi nyumbani na viatu vyake vya kazi ndani ya mfuko, akasema kwa utani kwamba sasa atapata muda wa kutafuta sukari ya mama. Bi Mlango alicheka pamoja naye, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama si Bwana Sinema. Wiki ya tatu alibisha hodi, mkanda wa filamu ndani ya kopo la bati.

"Nimeuchapisha," alisema. "Una kila kitu, jukwaa na mlango na funguo zote. Ila hauna sauti. Kamera yangu haishiki sauti."

Kasuku alimtazama, akatazama kopo. "Sauti ninayo," alisema.

Jumamosi ile, katika ukumbi wa shule ya msingi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ya mtaa mzima, Bwana Sinema alitangaza filamu ya kunawa mikono. Watu walikuja kwa sababu sinema ilikuwa bure. Kabla ya mikono kunawishwa, alipachika mkanda ule. Wanawake wa kufulia wakatokea kwenye shuka iliyotundikwa ukutani, wakifumbua midomo bila kusikika, na Kasuku, amesimama kando ya shuka, akawasemea wote: mfagiaji, mwizi, bawabu, hata mlango. Zilipofika funguo, alinyamaza. Ukumbi mzima ukaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kufikia kumi na tatu watoto walikuwa wakipiga madawati. Bi Mlango aliyasikia hayo kutoka nje. Alijitolea kushikilia blanketi la mlangoni ili mwanga usiingie, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hataki kuingia.

Baada ya onyesho, mama mmoja wa kiwanda cha mikate alimfuata Kasuku. "Dada," alisema, "kwetu wanafunga pia. Wanasema ni kwa ajili ya panya." Jumamosi iliyofuata wakaonyesha kwa watu wa mikate. Kisha kwa wachambuaji wa pamba, kisha katika bweni la wasichana ambapo matroni alikuwa akilala na ufunguo chini ya mto. Ndugu za wagonjwa wakaanza kuuliza hospitalini, tena kwa sauti kubwa, mlango ule uko wapi. Walikuja kuuona kama watu wanaokwenda kuona kaburi la mtu maarufu. Walimu wakaandika barua, watu wa mikate wakagoma siku mbili. Baada ya miezi minne yakatoka maagizo kwamba kila chumba cha kazi katika mji ule kiwe na mlango wa pili, na mlango huo uwe na komeo la kufunguliwa kwa ndani, bila ufunguo.

Fundi alipokuja kung'oa kufuli, Bibi Arusi aliomba kulishika. Alilipima mkononi, akasema, "Kumbe jepesi," akamrudishia.

Kasuku hakurudishwa kazini. Bwana Sinema alihamishiwa mbali sana, akaenda na mkanda wake, na hakuna aliyejua tena uliishia wapi. Kasuku alishona nguo, akauza maandazi, akafundisha watoto kughani, na binti yake alipoolewa mji wa mbali akamfuata huko. Mama mzee alifariki. Dereva wa malori naye alifariki. Kwenye misiba yote miwili mawifi walikumbatiana wakalia, wakasimuliana ya zamani, vijiko, shuka, mzee wa bohari, na ile karatasi haikutajwa.

Ikapita miaka thelathini na mmoja. Bi Mlango alikuwa amestaafu, wajukuu wamejaa nyumba, ndipo simu ilipokuja kwamba Kasuku amefanyiwa upasuaji wa goti na anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenda chooni. Alifunga begi siku hiyo hiyo. Safari ilikuwa ya kutwa nzima, naye hakulala hata kidogo, alikuwa akipanga maneno.

Siku ya tatu, wakichambua mchele ukumbini, aliyatoa. "Wifi, nina jambo. Ile karatasi ya ofisini. Nilisaini."

Kasuku aliokota punje moja ya jiwe, akaitupa. "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Mama aliniambia kabla wino haujakauka."

"Mama aliniahidi hatasema!"

"Mama gani, huyu wangu? Huyu aliyeshindwa kuficha hata kwamba chumvi imezidi?" Kasuku alianza kucheka, kisha akaacha. "Aliniambia yeye ndiye aliyekutuma usaini. Alitaka nimkasirikie yeye. Nikakukasirikia wewe vilevile."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri. Nilisema, atakuja mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala na maneno makali kabisa, tena yenye vina. Mwaka wa pili mume wangu akaugua. Baada ya hapo nikawa na mambo mengine ya kukasirikia." Alisogeza sinia. "Iliniuma, wifi. Sitakudanganya. Hasa pale ulipoandika ulisimama tu. Wewe ndiye uliyesema maneno ambayo mimi sikuyatunga, na ndiyo watu waliyoyakumbuka."

Bi Mlango alilia kimyakimya, machozi yakidondokea kwenye mchele. Kasuku alimwacha alie. Alipoona imetosha, akasema, "Basi, tutakula wali wenye chumvi," na wote wawili wakacheka mpaka goti la mgonjwa likauma.

Alikuwa amekuja kwa siku kumi, akakaa miezi miwili. Mjukuu wa Kasuku, msichana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa akifanya kazi ya kufunga biskuti kiwandani. Jioni moja alirudi amevimba miguu, akawaambia mabibi kwamba huko wanaruhusiwa kwenda msalani mara mbili tu kwa siku, tena kwa kadi, na kwamba mwenzao mmoja amelazwa kwa ugonjwa wa figo. Walikuwa wameshaandika malalamiko.

"Mmeandika mara ngapi?" Kasuku aliuliza.

"Mara tatu, bibi."

Mawifi walitazamana.

Hawakuwatungia. Kasuku alikataa katakata. "Sisi hatujui biskuti," alisema. "Nyinyi mna simu zinazoshika picha na sauti, tungeni ya kwenu." Aliwafundisha tu kuhesabu mizani kwa vidole, na Bi Mlango akawafundisha kusimama: miguu mbali kidogo, mabega chini, usitazame sakafu. Wasichana sita walikuja kila Jumapili, wakasogeza viti vya ukumbini, wakagombana juu ya nani awe meneja, wakamwaga chai kwenye zulia la mwenye nyumba.

Siku ya kuigiza ilikuwa mchana, kwenye jengo la chama cha wafanyakazi. Mawifi waliwekewa viti viwili mstari wa mbele, mmoja na fimbo yake, mwingine na mkoba wake mapajani. Taa za jukwaani ziliwaka. Msichana wa kwanza aliingia amevaa kofia ya kiwandani, akafungua mdomo, akasahau maneno. Kasuku alishika mkono wa wifi yake kwa nguvu.

"Anasemaje sasa?" Bi Mlango alinong'ona.

"Sijui," alijibu Kasuku. "Si mimi niliyetunga."

Msichana alivuta pumzi, akaanza upya, na ukumbi ukacheka mahali ambapo hakuna kati yao wawili aliyetegemea. Bi Mlango alicheka naye akiwa amechelewa kidogo, kisha akasogea mbele kwenye kiti ili asikie vizuri.